Je, programu huria za seva zahitaji matoleo tarajali?

MWISHONI mwa Novemba 2008, Michael Widenius, mmoja wa waasisi wa programu ya hifadhidata ya MySQL, alifanya jambo ambalo ni nadra kwa mwenye mali: aliwataka watumiaji wajihadhari na bidhaa aliyoiasisi mwenyewe. Siku chache tu zilikuwa zimepita tangu toleo la 5.1 litangazwe kuwa rasmi na tayari kwa kazi. Kampuni ya Sun Microsystems, iliyoinunua MySQL mapema mwaka huo kwa takriban dola bilioni moja za Marekani, ilikuwa na kila sababu ya kulisifu. Widenius, aliyekuwa bado mwajiriwa wa Sun wakati huo, aliandika hadharani kwamba toleo hilo lilikuwa na kasoro zilizofahamika, zikiwemo za kuiangusha seva ghafla na za kutoa majibu yasiyo sahihi, hasa katika vipengele vyake vipya.

Asiyejua kisa hicho angedhani kwamba toleo la 5.1 lilitolewa kwa pupa. Sivyo. Lilikuwa limeitwa toleo tarajali, yaani toleo linalongoja idhini ya mwisho, tangu Septemba 2007. Kwa zaidi ya mwaka mmoja matoleo tarajali yalifuatana moja baada ya jingine, na bado kasoro zikavuka hadi ng'ambo ya pili. Mojawapo ya malalamiko ya Widenius lilikuwa kwamba majina ya beta na tarajali yalipachikwa mapema mno, programu yenyewe ikiwa haijakomaa.

Kisa hicho chaibua swali ambalo wasimamizi wa seva hawajaacha kuulizana hadi leo. Je, programu huria za seva zahitaji kweli matoleo tarajali kabla ya matoleo rasmi, au hayo ni mapambo tu ya kalenda?

Maana ya tarajali

Kwa kawaida programu hupitia hatua kadhaa kabla ya kukabidhiwa umma. Katika hatua ya alfa, waundaji bado wanajenga na kubomoa. Katika hatua ya beta, vipengele vyote huwa vimeingia lakini kila mtu anajua kwamba kasoro zingalipo. Toleo tarajali huja mwisho kabisa. Hapo mlango huwa umefungwa: hakuna kipengele kipya kinachoruhusiwa kuingia, na mabadiliko yanayokubaliwa ni yale tu ya kurekebisha kasoro zilizogunduliwa. Iwapo muda uliowekwa utapita pasipo mtu kuleta pingamizi zito, kifurushi kile kile hubadilishwa jina na kuwa toleo rasmi. Iwapo pingamizi litaletwa, kasoro hurekebishwa na toleo tarajali la pili hutolewa, kisha la tatu, hadi pingamizi zikome. Katika orodha za matoleo hatua hii hutambulishwa kwa herufi rc na nambari, mathalani rc1 au rc2.

Neno tarajali limetumiwa hapa kwa maana ile ile ya mwalimu tarajali. Amefunzwa, amesimama mbele ya darasa la kweli na chaki mkononi, ila barua ya ajira bado hajaipokea.

Katika programu huria, ambazo msimbo wake huachwa wazi kwa yeyote kuusoma, kuutumia na kuubadilisha, hatua hii ina uzito wa aina yake. Kampuni inayouza programu ya siri huificha hadi siku ya kuizindua. Programu huria haina siku ya kufunuliwa, kwa maana msimbo wake huonekana kila siku na anayetaka anaweza kuupakua usiku wa manane wakati waundaji wangali wanaushonashona. Kwa hivyo, toleo rasmi la programu huria si tendo la kuitoa gizani. Ni ahadi tu. Waundaji husema: hili tunalisimamia. Nalo toleo tarajali hufanana na tangazo la ndoa linalosomwa kanisani kwa wiki kadhaa, ambapo mwenye pingamizi huombwa alitoe mapema. Tangazo hilo lina maana pale tu waumini wanapolisikiliza. Likisomewa viti vitupu, arusi itafungwa na pingamizi litafika wageni wakiwa mezani.

Seva si kikokotoo

Kuna sababu ya kuzitenga programu za seva na nyinginezo katika mjadala huu. Programu ya kusomea tovuti ikiharibika kwenye tarakilishi ya mtu mmoja, mtu huyo huifunga na kuifungua tena. Seva, yaani tarakilishi inayozihudumia nyingine nyingi kwa wakati mmoja, ikiharibika, maelfu ya watu hukwama pamoja, na aghalabu hakuna hata mmoja wao anayejua jina la programu iliyomkwamisha. Zaidi ya hayo, seva nyingi huhifadhi kumbukumbu. Kasoro inayoiangusha seva ni aibu ya saa moja au mbili. Kasoro inayoandika vibaya kumbukumbu ni maji yaliyomwagika, na huenda isigunduliwe hadi nakala za akiba nazo ziwe zimeshajaa makosa yale yale.

Jambo hili si geni humu nchini. Mjini Eldoret, mpango wa AMPATH unaowashirikisha Chuo Kikuu cha Moi, Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani ulianza mwaka 2006 kutumia OpenMRS, programu huria ya kuhifadhi rekodi za wagonjwa. Rekodi hizo hukaa ndani ya hifadhidata ya MySQL. Mwaka 2011, Kenya ilianza kutumia kote nchini mfumo wa DHIS2, uliotoka Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norway, kukusanya takwimu za vituo vya afya. Huo hutegemea hifadhidata ya PostgreSQL. Muuguzi anayeandika kipimo cha mgonjwa kwenye kiwambo hana habari na mjadala wa matoleo, lakini anachokiandika hupita katika programu ambazo ubora wake huamuliwa na mjadala huo.

Aidha, hifadhidata zina tabia moja inayozidisha hatari: ni rahisi kupanda na vigumu kushuka. Seva ya MySQL iliyotolewa katika mfululizo wa 5.7 na kupandishwa hadi 8.0 hubadilisha namna inavyopanga mafaili yake, na haiwezi kurudishwa 5.7 ikiwa na mafaili hayo. Msimamizi anayejutia uamuzi wake hulazimika kurejea nakala ya akiba na kupoteza yote yaliyoandikwa tangu hapo.

Wanaoyapinga

Wapo wataalamu wanaoyaona matoleo tarajali kuwa kazi bure, nao si watu wa kupuuzwa. Hoja yao kuu ni kwamba hakuna anayeyajaribu. Msimamizi wa seva hulipwa ili mitambo isilale. Hawezi kuipeleka seva ya benki au ya hospitali kwenye toleo ambalo waundaji wake wenyewe hawajaliidhinisha. Basi hungoja toleo rasmi. Na wengi huenda mbali zaidi: hungoja toleo rasmi lipate marekebisho yake ya kwanza, wakiamini kwamba nambari inayoishia na sufuri ni ya majasiri. Wote wakingoja hivyo, toleo rasmi lenyewe hugeuka kuwa toleo tarajali, na wanaolipima ni wale wasiojua kwamba wanapima.

Mradi wa seva ya wavuti ya Apache, uliopo tangu 1995, kwa miaka mingi ulifuata njia nyingine. Mmoja wa waundaji huandaa kifurushi kilicho na nambari yake kamili, kisha wenzake hukipima na kukipigia kura. Zahitajika angalau kura tatu za ndiyo, na za ndiyo ziwe nyingi kuliko za la. Kifurushi kikipatikana na dosari hutupwa pamoja na nambari yake. Ndiyo maana mtu akiitazama orodha ya mfululizo wa 2.4 hakuti 2.4.5 wala 2.4.8 miongoni mwa matoleo rasmi, na la kwanza kabisa, la Februari 2012, ni 2.4.1 badala ya 2.4.0. Ukweli ni kwamba kifurushi kinachopigiwa kura ni toleo tarajali lisiloitwa kwa jina hilo. Tofauti ni kwamba wapimaji ni wachache, aghalabu wale wale walioandika msimbo, na siku za kupiga kura huhesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Nginx, seva nyingine ya wavuti, iliyoandikwa na Igor Sysoev wa Urusi na kutolewa kwa umma mwaka 2004, haina desturi ya matoleo tarajali. Huwa na matawi mawili. La kwanza hupokea vipengele vipya na kutumiwa na wenye moyo mgumu. La pili hutulizwa na kupewa marekebisho muhimu pekee. Takriban kila mwaka lile la kwanza huzaa tawi tulivu jipya. Kwa hivyo, kinachofika kwenye tawi tulivu huwa kimeshatumika katika seva za kweli kwa miezi mingi. Mtu akitaka kubishana kwamba jina si kitu, Nginx ni shahidi wake mzuri.

Apache nayo ilipata mtihani mgumu mwaka 2021. Toleo la 2.4.49, lililotolewa Septemba, lilikuwa na badiliko katika namna seva inavyosafisha anwani inazoombwa na wageni. Badiliko hilo lilifungua mwanya ambapo, kama msimamizi hakuwa amefunga folda nyingine kwa amri mahsusi, mtu wa nje angeweza kusoma mafaili yaliyo nje ya eneo la tovuti. Wavamizi waliutumia mwanya huo kabla ya kurekebishwa. Toleo la 2.4.50 lilitolewa Oktoba 4 kuuziba, ikabainika kwamba kiraka hakikutosha, na Oktoba 7 likatoka 2.4.51. Matoleo matatu katika muda wa wiki tatu hivi. Waliokuwa wamebaki na 2.4.48 hawakuguswa na kasoro hiyo hata chembe, jambo lililowapa wapenda kungoja hoja ya kujivunia.

Je, kipindi kirefu cha tarajali kingeugundua mwanya wa Septemba? Huenda kisingeugundua. Watumiaji wa kawaida hawaombi anwani zilizopindwa kwa hila. Huomba kurasa, nazo kurasa zilikuwa zikija vizuri. Kiraka cha Oktoba 4 nacho kisingeweza kuwekwa tarajali kwa wiki mbili huku wavamizi wakiingia. Hapa wapinzani wana haki kamili: marekebisho ya dharura ya usalama hayapaswi kungoja idhini ya umma, maana kuyatangaza kama jaribio ni sawa na kumwonyesha mwizi mlango uliovunjika na kumwambia kwamba fundi atakuja wiki ijayo.

Linux na wiki saba

Upande wa pili wa mjadala wapatikana katika Linux, kiini cha mfumo kinachoendesha sehemu kubwa ya seva za dunia. Linus Torvalds na wenzake walijifunza kwa gharama. Novemba 2001 toleo la 2.4.15, la mfululizo uliohesabiwa kuwa imara, lilikuwa na kasoro iliyoweza kuvuruga mafaili wakati diski inapofunguliwa kutoka kwenye mfumo, tendo ambalo kila tarakilishi hulifanya inapozimwa. Siku chache baadaye 2.4.16 likatolewa. Wakati huo huo usimamizi wa mfululizo huo ukapewa Marcelo Tosatti, kijana Mbrazili wa miaka 18, na toleo la 2.4.17 la Desemba likatanguliwa na matoleo tarajali.

Utaratibu unaotumika sasa ni wa saa. Toleo moja likitoka, milango hufunguliwa kwa wiki mbili na mabadiliko maelfu huingia. Kisha milango hufungwa, rc1 hutolewa, na kila wiki rc nyingine hufuata hadi ya saba au ya nane. Toleo rasmi hutoka baada ya wiki tisa au kumi kwa jumla. Hakuna anayeulizwa kama yuko tayari. Kipengele kisichowahi mlango hungoja gari lijalo.

Faida ya utaratibu huo ilionekana waziwazi mapema mwaka 2021. Toleo tarajali la kwanza la 5.12, lililotolewa mwisho wa Februari, lilikuwa na kosa baya mno. Tarakilishi inapoishiwa na kumbukumbu ya muda, huhamishia sehemu ya yaliyomo kwenye diski. Wengi hutenga kipande cha diski kwa kazi hiyo, lakini wengine hutumia faili la kawaida. Kwa hao wa pili, kiini kipya kilikosea mahali pa kuandika na kuyamwaga yaliyomo juu ya mafaili mengine. Kosa hilo lingeweza kuiharibu diski pasipo matumaini ya kuikarabati. Torvalds aliwaonya watu wasilitumie, akabadilisha jina la toleo hilo ili lenyewe libebe onyo, na kuharakisha rc2 iliyotolewa Machi 5. Toleo rasmi la 5.12 lilitoka Aprili likiwa salama na kosa hilo.

Yafaa kutafakari nini kilichofanya kazi hapo. Torvalds mwenyewe alieleza kwamba hakulipata kosa hilo kwa sababu tarakilishi zake hazitumii faili kwa kazi hiyo. Halikupatikana kwa kuusoma msimbo bali kwa kuuendesha kwenye mitambo iliyopangwa kwa namna ambayo mwandishi wake hakuifikiria. Hiyo ndiyo sababu yenyewe ya kuwapo kwa matoleo tarajali. Mwanaprogramu hujaribu yale anayoyatarajia. Dunia hujaribu mengine.

Panapopita kasoro

Hata hivyo, kuna kasoro ambazo hata uwanja uliojaa wapimaji hauzioni. Mwaka 2013 PostgreSQL, mradi unaosifika kwa uangalifu, ulitoa toleo la 9.3 baada ya beta na tarajali kama ilivyo ada yake. Ndani yake mlikuwa na mbinu mpya ya kufunga safu za jedwali ili watumiaji wengi wafanye kazi pamoja bila kungojana. Kasoro za mbinu hiyo zilijitokeza baadaye, katika hifadhidata zenye shughuli nyingi zilizokuwa zimefanya kazi kwa muda mrefu, na baadhi zilitishia kumbukumbu zenyewe. Marekebisho yalianza Desemba 2013 na kuendelea kutolewa hadi katikati ya 2015. Hakuna kipindi cha wiki chache ambacho kingeonyesha jambo linalohitaji miezi ya mzigo mzito ili litokee.

Mwanya wa OpenSSL uliopewa jina la Heartbleed, uliotangazwa Aprili 2014, ulikuwa umekaa katika matoleo rasmi tangu Machi 2012. Toleo la beta la 1.0.2 nalo lilikuwa nao. Programu ilifanya kazi yake vyema, kwa hiyo hapakuwa na aliyekuwa na sababu ya kulalamika.

Lakini kisa cha lugha ya PHP, inayoendesha tovuti nyingi upande wa seva, ni cha aina nyingine na hakina udhuru kama huo. Toleo la 5.3.7 lilitolewa Agosti 18, 2011, baada ya matoleo tarajali kadhaa. Kazi yake ya kusimba nywila kwa mbinu ya MD5 ilikuwa imeharibika: badala ya kurudisha nywila iliyosimbwa, ilirudisha tu zile herufi za nasibu ambazo huchanganywa na nywila. Tovuti iliyohifadhi nywila mpya kwa njia hiyo ingemkubalia mtu aingie kwa nywila yoyote ile. Jaribio la kiotomatiki la kazi hiyo lilikuwapo na lilishindwa kama lilivyopaswa, ila lilizama katika lundo la majaribio mengine yaliyokuwa yamezoeleka kushindwa. Watumiaji wakaombwa wangoje, na 5.3.8 likatolewa Agosti 23. Tangazo la ndoa lilisomwa, pingamizi likatolewa kwa sauti, na kasisi hakulisikia kwa sababu kanisa lilikuwa na kelele.

MySQL kwa mara nyingine

Historia ya MySQL tangu wakati wa Widenius yatosha yenyewe kuonyesha pande zote mbili za suala hili. Widenius aliondoka Sun mwaka 2009 na kuongoza MariaDB, programu iliyochipuka kutoka MySQL na kupewa jina la binti yake mdogo. Huko hakuzitupa hatua alizozilalamikia. Mifululizo mikuu ya MariaDB imepitia alfa, beta na tarajali kabla ya kuwa rasmi. Alichokuwa akikipinga mwaka 2008 kilikuwa jina lisilolingana na hali ya kitu.

MySQL yenyewe iliingia mikononi mwa Oracle, iliyoinunua Sun mwaka 2010. Mfululizo wa 8.0 ulipata matoleo tarajali mwaka 2017 na mapema 2018, kisha ukatangazwa kuwa rasmi Aprili 2018 kwa nambari 8.0.11. Kuanzia hapo mtindo ukabadilika. Vipengele vipya viliendelea kuingizwa katika matoleo madogo yaliyotoka kila baada ya miezi mitatu hivi, bila hatua ya tarajali. Msimamizi aliyedhani kwamba anaweka kiraka cha usalama alijikuta anaweka pia mashine mpya.

Matokeo hayakukawia sana. Toleo la 8.0.29 la Aprili 2022 liliondolewa kwenye orodha ya kupakuliwa kwa sababu ya kasoro katika mbinu ya kuongeza na kuondoa safuwima papo hapo, kasoro iliyoweza kuharibu kumbukumbu. Julai 2024, matoleo matatu kwa mpigo, 8.0.38, 8.4.1 na 9.0.0, yalipatikana na dosari moja: seva yenye majedwali zaidi ya 10,000 ilianguka kila ilipojaribu kuwaka upya. Yote matatu yaliondolewa na kufuatwa na 8.0.39, 8.4.2 na 9.0.1. Majedwali 10,000 si mengi kama yanavyosikika. Kampuni inayohifadhi tovuti za wateja mia kadhaa kwenye seva moja huyafikia bila kujua. Hii ndiyo aina ya kasoro ambayo toleo tarajali limeundiwa: haihitaji hila wala miezi ya mzigo, yahitaji tu mtu mmoja mwenye mtambo mkubwa kuuzima na kuuwasha.

Kabla ya hapo, mwaka 2023, Oracle ilikuwa imeanza kuitenganisha mifululizo ya uvumbuzi na ile ya kudumu, hatua iliyokiri kimyakimya kwamba mchanganyiko wa awali haukuwafaa wengi. Kwamba 8.4.1, la mfululizo wa kudumu, lilikumbwa na dosari ile ile yaonyesha kwamba kutenganisha matawi peke yake hakutoshi.

PostgreSQL imechora mstari mahali panapoeleweka zaidi. Toleo kuu la kila mwaka hupewa beta kuanzia Mei na tarajali Septemba. Marekebisho madogo ya kila robo mwaka hayapewi, kwa kuwa hayaruhusiwi kubeba vipengele vipya. Mstari huo si ukuta. Novemba 14, 2024, toleo dogo la 17.1 lilibadilisha bila kukusudia umbo la sehemu moja ya ndani ambayo programu saidizi huitegemea, na baadhi ya programu hizo zikapatwa na matatizo. Novemba 21 likatolewa 17.2. Wiki moja ilitosha kulirekebisha, na huenda kuyawekea tarajali matoleo madogo yote kungegharimu zaidi ya kosa hilo.

Wachujaji wa katikati

Mjadala huu husahau aghalabu kwamba seva nyingi hazipati programu kutoka kwa waundaji. Huzipata kupitia wasambazaji kama Debian, Red Hat na Ubuntu, ambao huzikusanya, huzijaribu katika matawi yao ya majaribio na kuzituliza kabla ya kuzipeleka mbele. Kwa seva inayotumia tawi tulivu la Debian, toleo rasmi la mwundaji ni kama tarajali tu.

Umuhimu wao ulidhihirika Machi 2024. Programu ya kubania mafaili iitwayo XZ ilikuwa imepenyezewa mlango wa siri katika matoleo 5.6.0 na 5.6.1, mlango uliokusudiwa kumpa mvamizi uwezo wa kuingia katika seva. Matoleo hayo yalikuwa rasmi, yametiwa sahihi na msimamizi wa mradi aliyejenga uaminifu kwa miaka kadhaa. Andres Freund, mmoja wa waundaji wa PostgreSQL, aliona kwamba kuingia kwenye tarakilishi yake iliyotumia tawi la majaribio la Debian kulichelewa kwa nusu sekunde hivi. Alikuwa akipima kasi ya kitu kingine kabisa. Alifuatilia nusu sekunde hiyo hadi akaufikia mlango wenyewe. Matawi tulivu ya Debian hayakuwa yameupokea bado.

Kwa hiyo, mfululizo mpya unaogusa namna kumbukumbu zinavyohifadhiwa, au unaomfungia mtumiaji njia ya kurudi nyuma, hauna udhuru wa kukosa toleo tarajali. Kiraka cha dharura hakilihitaji. Kati ya hayo mawili uamuzi hutegemea kama kuna watu watakaoliendesha, na hapo lawama haziwezi kuwaendea waundaji peke yao. Wengi wao hujitolea. Taasisi zinazotumia kazi yao bila kulipa hata shilingi zina kitu ambacho mwanaprogramu hawezi kukitengeneza nyumbani kwake, nacho ni mzigo wa kweli: majedwali yaliyokua kwa miaka kumi, majina yenye herufi zisizotarajiwa, ripoti ya mwisho wa mwezi inayosomwa na watu arobaini kwa saa moja.

Kuujaribu mzigo huo hakuhitaji kuihatarisha seva inayofanya kazi. Msimamizi huchukua nakala ya akiba ya jana, huirejesha kwenye tarakilishi ya ziada isiyounganishwa na nje, hupandisha toleo tarajali juu yake, kisha huendesha ripoti zile zile na kulinganisha majibu. Mahali palipo na rekodi za wagonjwa, majina na nambari za vitambulisho hufichwa kwanza, na tarakilishi hiyo hulindwa kama ile ya asili. Huizima na kuiwasha. Kikiharibika kitu, huandika nambari ya toleo, amri iliyotumika na ujumbe uliotokea, na kuwapelekea waundaji. Kazi hiyo huchukua siku moja au mbili, na pia humwonyesha kama nakala zake za akiba zinarejesheka, jambo ambalo wengi hulijua siku ya msiba.

Muda wa kufanya hivyo huwa mfupi. Toleo tarajali la PostgreSQL 17 lilitolewa Septemba 5, 2024, na toleo rasmi likafuata Septemba 26.